Amebadilika Tangu Ajali: Namna ya Kupima Mabadiliko ya Tabia kwa Aliyeumia Ubongo

Mdogo wangu alirudi nyumbani Mbagala, Dar es Salaam, wiki tano baada ya ajali ya bodaboda. Nyuzi zilikuwa zimetolewa, kidonda kimekauka, anatembea, anakula, anamtambua kila mtu. Majirani walikuja kumshukuru Mungu pamoja nasi. Siku ya tatu mpwa wetu aliangusha kijiko sakafuni, na kijana ambaye sikuwahi kumsikia akifokea hata kuku akarusha kikombe cha chai ukutani. Mama alikaa kimya, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huyu siye niliyemzaa."

Siku ya kliniki nilimwambia daktari, "Amebadilika, amekuwa mkali." Akaniuliza: mkali kivipi? Mara ngapi kwa wiki? Saa ngapi? Kabla ya hapo kunakuwa na nini? Baadaye anajuta, au hakumbuki kabisa? Sikuwa na jibu hata moja. Foleni nje ilikuwa ndefu. Tukatoka na vidonge vya kumtuliza, ambavyo vilimfanya alale mchana kutwa na kukesha usiku.

Jioni ile nilinunua kaunta buku. Yaliyo hapa chini nimeyajifunza kwa daftari hilo, kwa wauguzi na wataalamu wa utengamao (tiba ya kumrudishia mtu uwezo wake) walionivumilia na maswali yangu, na kwa kusoma. Nimeyaandika kwa ajili ya anayelala nyumba moja na mgonjwa, kwa sababu huyo ndiye anayeona. Picha ya CT, ile ya ndani ya kichwa, huonyesha damu na mfupa uliovunjika. Nyuzi nyembamba za ubongo zilizonyofoka kwa mtikisiko mara nyingi hazionekani humo, na picha inaweza kusomwa kuwa safi huku nyumbani kunawaka moto.

Kabla ya yote: je, ni la kukimbiza hospitali?

Usianze kuandika tabia kama mtu yuko hatarini. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo ukiona kichwa kinamuuma na maumivu yanazidi, anatapika tena na tena, anasinzia na kuamka kwa shida, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, mkono au mguu wa upande mmoja unalegea, maneno yanamkwama ghafla, majimaji yasiyo na rangi yanatoka puani au sikioni, au amekakamaa na kutikisika.

Wiki nyingi kupita tangu ajali hakuondoi hatari hiyo. Damu inaweza kuvilia polepole chini ya fuvu na kujitokeza baada ya wiki kadhaa, hasa kwa wazee, kwa wanywaji wa pombe na kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mzee aliyejigonga mwezi uliopita na sasa amezubaa na kuchanganya majina ya wajukuu, msimwambie ni uzee. Apigwe picha.

Hatua ya 1: Jua ubongo uliumia kiasi gani

Ukubwa wa kovu hauna maana hapa. Omba karatasi ya hospitali uitafute GCS. Ni kipimo cha ufahamu kilichotungwa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskoti, na kinatumika hospitali zetu zote kubwa. Macho hupewa alama 1 hadi 4, maneno 1 hadi 5, mwendo wa viungo 1 hadi 6. Jumla ya chini kabisa ni 3, ya juu 15. Kati ya 13 na 15 jeraha huitwa dogo, 9 hadi 12 la wastani, 8 kushuka chini ni kubwa. Neno "dogo" lisikudanganye: hata mwenye 15 anaweza kuishi miezi kadhaa bila kuvumilia kelele wala mwanga.

Swali la pili utamuuliza mwenyewe: kitu cha kwanza unachokikumbuka baada ya ajali, ambacho kuanzia hapo siku zinafuatana bila kukatika, ni kipi? Mdogo wangu alikumbuka mvua ikipiga bati la wodi. Tulihesabu, ikawa siku ya kumi na moja. Siku zote za nyuma alikuwa akiongea, akila, akitutaja majina, lakini hakuna kilichoshika. Kipindi hicho cha kutoweka kumbukumbu kikiwa chini ya siku moja, jeraha huhesabiwa dogo; siku moja hadi saba, la wastani; kupita siku saba, kubwa. Andika jibu lake ukurasa wa kwanza.

Mgonjwa akiwa bado ndani ya ukungu huo, usimpime tabia ya kudumu. Atachomoa dripu, atatukana, ataita watu waliokwisha kufa. Wodini wauguzi wanaweza kutumia kipimo cha fadhaa alichokitunga John Corrigan wa Ohio mwaka 1989: vipengele 14, kila kimoja alama 1 hadi 4, na jumla ikiwa 21 au pungufu huhesabiwa ni ya kawaida. Wewe kazi yako ni kupunguza kelele na wageni. Watu kumi kuzunguka kitanda ni upendo, lakini ubongo ulioumia hauwezi kuchuja sauti kumi.

Hatua ya 2: Andika alikuwa nani

Hii ndiyo hatua ambayo familia huiruka, na bila hiyo kipimo kizima kinaning'inia hewani. Mgonjwa halinganishwi na jirani wala na kaka yake mpole. Analinganishwa na nafsi yake ya kabla ya ajali.

Chukua kurasa mbili. Uliza watu wanaomjua kwa sura tofauti: mke au mume, mama, mtu wa kazini, mtu wa kijiweni, shehe au mchungaji. Alikuwa mwepesi wa hasira? Alikuwa anakunywa, na kiasi gani? Alikuwa anaamka saa ngapi bila kuamshwa? Fedha alizishikaje? Alikuwa mzungumzaji? Alishawahi kuwa na sonona au kifafa kabla? Jibu la wenzake wa kijiweni lilinisaidia kuliko yote: "Dada, huyu alikuwa ndiye anayeamua ugomvi wetu." Sentensi hiyo ilimfanya daktari wa pili aweke kalamu chini na kusikiliza.

Kisa kinachosimuliwa zaidi katika elimu ya ubongo kinasimama juu ya hatua hii. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish, Vermont, nchini Marekani, Phineas Gage, msimamizi wa wapasua miamba wa reli mwenye miaka 25, alipigwa na mlipuko. Nondo ya kushindilia baruti, yenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo sita hivi, iliingia chini ya mfupa wa shavu ikatokea utosini. Akaishi. Daktari wake, John Martyn Harlow, aliandika kwamba waajiri waliomhesabu kuwa msimamizi hodari kabisa hawakuweza kumrudishia nafasi yake, na marafiki walisema hakuwa tena Gage. Harlow asingejua hayo kwa kutazama kovu. Waliomjua kijana huyo kabla ndio waliomweleza. Na kisa hicho kina sehemu ya pili ambayo watu huiacha: Gage baadaye aliendesha magari ya farasi ya abiria kule Chile kwa miaka kadhaa, kazi inayotaka mpangilio, subira na kushughulika na watu. Ukianza kupima mabadiliko, acha ukurasa mweupe wa mabadiliko yatakayorudi nyuma pia.

Hatua ya 3: Andika ulichokiona, usiandike jina ulilokipa

"Mkorofi", "mvivu", "kapandisha", "ana kiburi": hizo ni hukumu. Haziingii kwenye daftari. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba mtu asiyekuwepo akisoma mstari wangu aweze kuigiza tukio lilivyokuwa.

Chora safu tano: siku na saa, kilichokuwapo kabla, alichofanya au kusema, sisi tulifanya nini, lilichukua muda gani. Mistari yangu ya mwanzo ilikuwa hivi: "Jumanne, amegoma kula, ana hasira." Haina faida. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimejifunza: "Jumanne saa 11 jioni. Watoto wamerudi shule, televisheni iko juu, shemeji anapiga simu. Alikuwa hajalala mchana. Aliziba masikio, akasukuma sahani, akasema 'mnaniua'. Nilizima televisheni, wote tukanyamaza. Dakika 15, kisha akalala."

Fanya hivyo siku 14 mfululizo, pamoja na siku zilizokuwa shwari. Hizo za shwari zina thamani sawa na za dhoruba. Kwetu ilionekana wazi kwamba karibu matukio yote yalitokea kati ya saa kumi jioni na saa moja usiku, baada ya mchana asiolala, sauti zikiwa zaidi ya moja. Asubuhi hakukuwa na tukio hata moja. Kilichokuwa kinamshinda ni uchovu na kelele, na hilo halitibiwi kwa kidonge cha kumtuliza. Tulihamisha televisheni, tukamwekea saa moja ya kulala mchana, na matukio yakapungua kabla hatujarudi kliniki.

Safu ya nne, ya "sisi tulifanya nini", iandike kwa ukweli hata ikikuumiza. Yangu ilionyesha kwamba alipoomba kwa upole tupunguze sauti hakuna aliyemsikia, na alipopiga kelele nyumba nzima ilitii. Tulikuwa tunamfundisha kupiga kelele.

Hatua ya 4: Tafuta pia yasiyopiga kelele

Mwaka 2006 watafiti wa Australia walichapisha kipimo cha tabia zinazoonekana baada ya kuumia ubongo, chenye makundi tisa. Yapo yale tunayoyatarajia: matusi, kupiga watu, kuvunja vitu, kujiumiza. Yapo ya aibu: maneno au mguso wa kimapenzi usio mahali pake. Yapo mengine ya mahusiano yasiyo na mipaka, kama kumweleza mgeni siri za nyumba. Kuna kurudiarudia neno au kitendo, kuna kutoka na kupotea bila kuaga. Na kuna la tisa: kukosa msukumo wa kuanza jambo.

Hilo la tisa nalisemea zaidi kwa sababu ndilo linalopita bila kuonekana. Mgonjwa anayerusha vikombe anapelekwa hospitali. Anayekaa juu ya mkeka chini ya mwembe tangu asubuhi anasifiwa kwa utulivu. Ukimwambia oga, anaoga vizuri. Usipomwambia, jua linazama. Uji ukiwekwa mbele yake ananywa. Usipowekwa hasemi njaa. Familia ikichoka humwita mvivu, naye hana maneno ya kujitetea, kwa sababu kilichoumia ni ile sehemu ya mbele ya ubongo inayowasha injini. Kulipima ni rahisi: hesabu mambo aliyoyaanza mwenyewe kwa siku bila kuambiwa. Kusalimia kwanza, kwenda chooni, kuuliza habari, kutafuta simu. Andika namba. Mwezi ujao hesabu tena.

Usichanganye hilo na sonona. Mwenye sonona hubeba huzuni, hujilaumu, hulia au husema maisha hayana maana. Aliyekosa msukumo, ukimuuliza kama ana huzuni, mara nyingi atasema hapana, na kweli hana. Lakini vyote viwili vinaweza kumkalia mtu mmoja.

Kuhusu mambo ya chumbani, muulize mwenzi wake peke yake, na aulizwe na mtu anayefaa. Wifi yangu asingemweleza mama mkwe kwamba mumewe amekuwa akimlazimisha, wala mke mwingine asingemweleza kwamba wake hamgusi kabisa. Wifi alimwambia muuguzi wa kike, mlango umefungwa. Mabadiliko ya namna zote mbili yanajulikana baada ya jeraha la ubongo, na mwenzi ana haki ya kuwa salama wakati yanashughulikiwa.

Hatua ya 5: Mpime kwa maisha yake mwenyewe

Hospitalini anaweza kuombwa kutaja miezi kinyumenyume, au kufuatisha mkono: ngumi, ubavu wa kiganja, kiganja bapa, tena na tena. Zoezi hilo la mkono ni la Aleksandr Luria, mtaalamu wa Kisovieti aliyewahudumia askari waliojeruhiwa ubongo katika Vita vya Pili vya Dunia. Sehemu ya mbele ya ubongo ikiwa na shida, mkono hukwama kwenye hatua moja.

Nyumbani tumia kazi alizozijua. Mtume genge la karibu kwa vitu vitatu na noti ya shilingi 5,000, mtu akimfuata kwa mbali: alirudi na vingapi, chenji ilikuwa sawa, alipokosa kitu alifanya nini? Mwache apike chai tangu kuwasha jiko. Mama muuza maandazi mwulize mahesabu ya unga na mafuta. Mkulima mwulize atapanda nini kwanza mvua zikichelewa. Mtu ambaye hakusoma hapaswi kuonekana ameharibika kwa sababu tu hajui miezi kinyumenyume.

Nilimuuliza mdogo wangu namna ya kumpeleka abiria kutoka Rangi Tatu hadi Kariakoo. Akajibu sawasawa: Barabara ya Kilwa. "Na kama Kilwa imefungwa?" Akasema, "Napita Kilwa." Nikamwambia imefungwa, kuna msafara. "Basi Kilwa." Aliyekuwa anajua vichochoro vyote vya Temeke hakuweza kuiacha njia ya kwanza. Jibu hilo nililiandika neno kwa neno, na ndilo lililotuambia kwamba hawezi kurudi barabarani bado, hata kama miguu na mikono iko imara. Pikipiki asijaribiwe kwayo. Kipimo hicho kifanyike kwa mdomo tu mpaka wataalamu waseme.

Jambo dogo: mnusishe kahawa au karafuu huku amefumba macho. Mishipa ya kunusa hupita chini kabisa ya sehemu ya mbele ya ubongo, na aliyepoteza harufu baada ya ajali anastahili kuangaliwa tabia kwa makini zaidi. Tena hatasikia gesi ikivuja wala chakula kikiungua.

Hatua ya 6: Ondoa yanayofanana

Kabla ya kusema ni ubongo, pitia haya: analala saa ngapi? Ana maumivu asiyoyasema? Anasikia na kuona vizuri? Ameanza pombe, ambayo ubongo ulioumia huivumilia kidogo kuliko zamani? Kuna nyakati anakodoa macho, anatafuna mate, haitiki kwa dakika moja, kisha hakumbuki? Hicho kinaweza kuwa kifafa cha namna isiyoangusha mtu. Mrekodi kwa simu kama unaweza.

Andika kila dawa na siku iliyoanza. Dawa ya kifafa iitwayo levetirasetamu inajulikana kuleta ukali kwa baadhi ya watu. Diazepamu, dawa ya kutuliza, inaweza kumchanganya zaidi. Ukiona tabia ilianza siku chache baada ya dawa mpya, mwambie daktari haraka, lakini usiikatishe mwenyewe, maana dawa ya kifafa ikikatwa ghafla huleta degedege baya.

Kwa sonona, kituo cha afya kinaweza kutumia dodoso la PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Mwulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake, ondoa sumu, dawa na kamba karibu naye, na nendeni hospitali siku hiyo.

Wapo watakaosema ni majini au mkono wa mtu. Kwetu pia walisema. Sikugombana na shangazi zangu. Dua zilisomwa, na dawa zikaendelea. Nilichokataa, na nitakikataa mbele ya yeyote, ni kufungwa kamba, kupigwa na kufukizwa moshi kwa mtu ambaye ubongo wake umejeruhiwa.

Hatua ya 7: Mwulize yeye, kisha linganisha

George Prigatano, mwanasaikolojia wa Marekani, alitunga dodoso la maswali 30 ambalo mgonjwa hujibu na ndugu hujibu kila mmoja kivyake, kwa alama 1 hadi 5. Huhitaji yote 30. Chagua matano: kushika fedha, kutawala hasira, kukumbuka ahadi, kukaa peke yake na watoto, kurudi kazini. Mdogo wangu alijipa 5 kila mahali. Mkewe alimpa 2.

Pengo hilo ni kipimo chenyewe. Ubongo ulioumia unaweza kushindwa kuona kilichoumia, na mtu wa namna hiyo hadanganyi wala hakaidi. Usimsimamishe mbele ya ukoo kumthibitishia makosa yake. Pengo likipungua mwaka huu, andika. Wakati huohuo mwangalie kwa huzuni, kwa kuwa anayeanza kuona alichopoteza huumia upya.

Hatua ya 8: Ukurasa mmoja kwa daktari

Daktari hatasoma kaunta buku zima. Andika ukurasa mmoja: tarehe ya ajali, GCS, siku za kumbukumbu iliyokatika, alikuwa nani kwa mistari mitatu, mabadiliko matatu makubwa, kila moja na idadi kwa wiki na mfano mmoja, yanayotangulia, yaliyosaidia, dawa, swali lako moja. Omba rufaa kwa jina: utengamao, tiba kwa vitendo (ya kujifunza upya kazi za kila siku), mwanasaikolojia, kliniki ya afya ya akili. Usiposema unataka nini, mara nyingi utapewa tarehe nyingine tu.

Rudia vipimo vyako mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kwa kazi zilezile na maswali yaleyale. Nafuu kubwa huja mapema, hasa miezi sita ya mwanzo, lakini huendelea kwa miaka.

Na daftari mwambie mgonjwa kwamba lipo. Mimi nililificha miezi miwili, akalikuta, akasoma, akaumia, na alikuwa na haki. Nilimwomba radhi, tukaongeza safu ya sita, ya kwake. Mstari wake wa kwanza humo, kwa mwandiko uliopinda, ulisema: "Dada kaandika nilipiga meza. Kweli. Lakini kichwa kilikuwa kinalia kama king'ora tangu adhuhuri na hakuna aliyeniuliza." Siku ya kliniki iliyofuata, mstari huo ndio daktari alioanza nao.